Bibi shamba, masika yameanza na uwanja umejaa wadudu. Ninyunyize dawa?

Swali: Shikamoo bibi shamba. Mwaka jana tulihamia kwetu Kibaha, na uwanja ni wa kutosha. Nimepanda mindimu mitatu, mipapai, migomba, matuta mawili ya mchicha na maua mbele ya baraza. Tangu masika yaanze hapakaliki. Viwavi wanakula majani ya mindimu, vyura wanapiga kelele usiku kucha nyuma ya simtanki, kuna kinyonga kwenye ua, na kuna ndege mdogo mweusi anayeng'aa anagonga kioo cha chumbani kwetu tangu alfajiri. Jirani ananishauri nimlipe mtu anyunyize dawa uwanja mzima, kisha nifyeke kila kitu nipige zege. Mwanangu wa miaka saba analia siku ya pili leo kwa ajili ya kinyonga wake. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usinyunyize, na zege liache. Mwambie mtoto leo jioni kwamba kinyonga wake haendi popote. Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Wengi huniandikia kuhusu bustani zilizokauka. Wewe unaniandikia kuhusu bustani iliyopata wakazi katika masika yake ya kwanza tu, tena kwenye mchanga wa Kibaha. Ngoja nikutambulishe kwa wageni wako mmoja mmoja, na nikuonyeshe ni wapi pa kuwa mwangalifu, maana pako.

Tuanze na mindimu. Kesho saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, mchukue mtoto mkasimame mbele ya mti. Angalieni majani machanga, upande wa juu. Mtaona kitu kama kinyesi cha ndege: cheusi au kahawia, kina baka jeupe katikati, kinang'aa kama bado kibichi. Huyo ndiye kiwavi akiwa mdogo. Amejivika sura hiyo ili ndege ampite. Akikua anabadilika kabisa, anakuwa wa kijani na mistari ya kahawia ubavuni, mnene kama kidole cha mtoto. Sasa chukua kijiti, mguse mgongoni taratibu, karibu na kichwa. Atainua kichwa, na nyuma yake zitachomoza pembe mbili laini, rangi ya chungwa, zimelowa, na papo hapo mtasikia harufu kali ya kitu kama ndimu iliyooza. Baada ya muda mfupi anazirudisha ndani. Hana sumu kwenu, hachomi, hawashi. Hiyo harufu ndiyo silaha yake, hasa dhidi ya sisimizi.

Kiwavi huyo anakuja kuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ana doa la rangi nyekundu na buluu kwenye mbawa za nyuma. Bila shaka umeshamwona akipita juu ya ua lako mchana, haruki moja kwa moja, anayumba. Mbawa zake zikikunjuliwa hupita sentimita 10. Jike anazunguka mndimu, anagusa jani kwa miguu kuhakikisha ni jani lenyewe, anaweka yai moja la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini, anahamia jani jingine. Mchicha wako hautaki, mpapai hautaki. Anatafuta ndimu, limau, chungwa na jamaa zao.

Hapa sitakuficha kitu. Mindimu yako ina mwaka mmoja, na viwavi kumi kwenye mche unaokufika magotini wanaweza kuuacha mifupa mitupu. Kwa hiyo hesabuni. Kwenye kila mti acheni wawili, watatu kama mti unakufika kifuani. Waliobaki watoeni kwa mkono, wahamishieni kwenye mndimu au mchungwa mkubwa wa jirani yeyote atakayekubali, au wapeni kuku. Mti ukishakupita kimo, acha kabisa kuhesabu, majani yake yatatosha kwa wote.

Nakuambia haya kwa sababu nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Nilipoanza kazi nilipangiwa Muheza, kule kwenye machungwa. Mzee mmoja alikuwa na kitalu kizuri na vidukari wachache kwenye machipukizi. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na mafunzo yangu, nikamwambia anyunyize kitalu chote. Akanunua dawa kwa fedha yake, akanyunyiza. Wiki ya kwanza kitalu kilikuwa kimya na safi. Baada ya majuma machache vidukari walirudi, tena wengi kuliko mwanzo, majani yakajikunja na kunata. Waliokuwa wanawala, wale wadudu wekundu wenye madoa meusi na vijitoto vyao vinavyofanana na vimamba vidogo, hawakurudi. Kidukari huzaa haraka mno, anayemla huchelewa. Ukiwaua wote siku moja, anayerudi kwanza ni yule usiyemtaka. Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mchicha ndio mahali pekee ninapokubali unyunyize kitu, maana ni chakula chenu. Ukiona matundu mengi, nyunyiza majivu asubuhi majani yakiwa na umande, au twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni nyuki wakishalala. Osha mboga vizuri kabla ya kupika. Dawa za dukani usizilete kwenye tuta unalochuma kila wiki.

Sasa kinyonga. Nchi yetu imemdhulumu mnyama huyu. Makabila mengi ya Kibantu husimulia kwamba ndiye aliyepewa ujumbe wa uzima usio na mwisho awaletee wanadamu, akatembea polepole, mwenye ujumbe wa kifo akamtangulia. Tangu hapo anapigwa mawe kwa kosa la hadithi. Kwa kweli hana sumu hata tone. Ukimkaribia sana atajivimbisha, atakuwa mweusi, atapanua kinywa na kuzomea, na mambo yake yameishia hapo.

Mwambie mtoto amtazame macho. Jicho moja linaweza kumwangalia yeye huku la pili likimfuata nzi, kila moja linazunguka kivyake. Akishamwona nzi sawasawa, macho yote mawili hugeukia mbele, mwili unayumba kidogo kama jani, halafu ulimi unatoka. Ulimi huo ukinyooka unapita urefu wa mwili wake. Hutauona ukienda, utamwona tu nzi hayupo na kinyonga anatafuna. Watu hudhani anabadili rangi ili afanane na kila anachokanyaga. Sivyo hasa. Anabadili zaidi kwa hasira, kwa hofu, kwa joto na baridi, na anapokutana na kinyonga mwenzake. Asubuhi ya ubaridi utamkuta amejitia weusi ubavu mmoja, ule unaoelekea jua, apate joto haraka.

Kuna jambo moja mtoto wako atalipenda sana. Usiku baada ya chakula, chukueni tochi mmulike ua wenu. Kinyonga hulala nchani mwa kijiti chembamba, mkia ameukunja kama chemchemi ya saa, na akilala rangi yake hupauka. Ndani ya mwanga wa tochi anaonekana mweupe kabisa kati ya majani ya kijani. Mchana mnaweza kumtafuta saa nzima msimwone; usiku mtampata kwa dakika mbili. Msimguse, mwacheni alale.

Na akishuka chini, mjue ni jike na ana jambo. Anatafuta ardhi laini ya kufukia mayai. Hapo ndipo wengi wao huuawa, wakivuka njia taratibu huku watu wakipiga kelele. Anachimba kwa miguu ya mbele, saa nyingi, anageuka, anataga mayai ishirini, thelathini, hata zaidi, anafukia, anaondoka moja kwa moja. Mayai hayo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Ndiyo maana nimesema zege uliache. Ukiufunika uwanja wote, hapana pa kuchimba, na wale waliokwisha kufukiwa hawataweza kutoka.

Ndege wako wa dirishani ni chozi, dume. Ana mdomo mwembamba uliopinda, na jua likimpiga ule weusi unageuka kijani na zambarau. Masika humpandisha damu. Ndani ya kioo anaona dume mwingine aliyekuja kumnyang'anya mke na maua, na kila akimgonga naye anamgonga. Anachoka bure, maskini. Tundika kanga kuukuu au gazeti upande wa nje wa kioo kwa wiki chache. Mpinzani akipotea, naye ataacha. Kioo cha gari kifunikeni pia kwa mfuko.

Lakini kama dume anapigania mahali hapo, basi karibu hapo pana kiota, au kinajengwa. Tafuteni kwenye vijiti vinavyoning'inia, kwenye waya wa kuanikia nguo, kwenye mwisho wa tawi juu ya baraza. Usitafute kikapu kilichokaa juu ya tawi. Kiota cha chozi kinaning'inia, kama soksi ya mtoto mchanga iliyosahaulika kwenye kamba, na mlango uko ubavuni, mara nyingi una kipaa kidogo juu yake cha kukinga mvua. Nilicho nacho mimi mwaka huu kiko kwenye waya wa taa ya baraza. Nilikaa kwenye mkeka siku nne nikimtazama jike akikijenga. Dume alikuwa anaimba tu juu ya mstafeli. Alianza na utando wa buibui, akauzungusha kwenye waya kama mtu anayefunga uzi. Akaleta majani makavu, nyuzi za gunia la mkaa wangu, vipande vya magamba ya mti, kila kimoja anakibandika kwa utando zaidi. Mwisho akaingia ndani akageuka-geuka, akisukuma kwa kifua, mpaka kikapata tumbo. Sasa ndani mna mayai mawili.

Hapo ndipo dawa ya jirani yako inaporudi kwenye hesabu. Chozi mkubwa anakunywa maji matamu ya maua, ni kweli, lakini makinda hawakui kwa sukari. Mama yao huwalisha buibui na wadudu wadogo, safari nyingi kwa siku. Ukinyunyiza uwanja mzima, maua yatabaki na makinda yatakufa njaa humo humo kwenye soksi yao. Na bila buibui hata hiyo soksi isingefungwa. Najua kwetu utando wa buibui ni aibu ya mwenye nyumba, mgeni akiuona anasema hapafagiliwi. Fagia sebule, fagia chumbani. Kona moja ya baraza, ya nje, uiache.

Ukitaka chozi wengi zaidi, usikate ua la mgomba mapema, maana wanalipenda sana, na panda mshubiri kando ya njia. Nyuki wapandie mrehani na kivumbasi, uviache vitoe maua badala ya kuchuma vyote kwa chai na kwa mbu. Tazameni pia ukuta wa nyumba. Kama kuna kijibomba chembamba cha nta kimetokeza kwenye ufa, na vidudu vyeusi vidogo kuliko nzi vinaingia na kutoka, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Mafundi huziba ufa kwa saruji wakidhani ni sisimizi. Msiwazibe.

Vyura. Wanaopiga kelele ni madume, na kila aina ina wimbo wake, ili jike amtambue wa kwake gizani. Yule mkubwa mwenye vipele anayekaa chini ya taa ya mlango ni mlinzi wako, anakula wadudu usiku kucha. Lakini ninayetaka mumtafute ni chura wa mtini, wa rangi ya kijivu, mchana hukaa amejibana kwenye tawi au ukutani, na jua likiwa kali ngozi yake hugeuka karibu nyeupe. Mvua ikinyesha, huenda mkaona kwenye tawi lililoinama juu ya dimbwi, au hata kwenye ukingo wa pipa, donge la povu jeupe kubwa kama ngumi, kama mtu amemwaga sabuni. Wanangu walipokuwa wadogo walinishitakia kwamba dada wa kazi ametupa povu la nguo mtini. Jike hutoa majimaji, akayapiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayekoroga ute wa yai, na madume kadhaa wakamsaidia kukoroga. Mayai yamo ndani. Povu likikauka nje huwa gumu kama ganda, ndani linabaki na unyevu. Baada ya siku chache chini yake hulainika, na ndubwi, yaani watoto wa chura, wanadondoka majini, tone baada ya tone. Nimewahi kukaa na mwavuli nikisikiliza wakianguka.

Nataka uyapende maji hayo, lakini pia uyaogope kwa kiasi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena 2019, na mbu anayeileta huzaa kwenye maji machache yaliyotulia: kopo, tairi, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Hivyo vyote vipindue kila wiki, bila kukosa, maana kwenye joto letu yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili baada ya siku saba au zaidi kidogo. Simtanki lifunikwe vizuri. Ukiweka sahani ya maji kwa ajili ya ndege, badilisha maji kila asubuhi na usugue kingo. Dimbwi lenye ndubwi na watoto wa kerengende ni jingine, kerengende wachanga hula viluwiluwi vya mbu. Lakini kama liko karibu na dirisha la chumba cha mtoto, lifukie ukalianzishe mbali.

Kuhusu nyoka, ambao hukuwataja lakini najua jirani amekutajia. Vyura na panya huwavuta, na Pwani tuna swila na kifutu. Kwa hiyo fyeka, ila fyeka kwa akili: mita mbili kuzunguka nyumba yote pawe wazi, pamefagiliwa, kuni na matofali visiegemezwe ukutani, mwanya wa chini ya mlango uzibwe. Huko nyuma kwenye migomba acha majani. Usiku viatu na tochi, kwa mtoto hiyo ni amri, hata mnapokwenda kumtazama kinyonga. Mtu akiumwa, msikate, msinyonye, msifunge kamba. Kiungo kitulizwe kisitikiswe, na aende hospitali saa hiyo hiyo.

Jongoo wataanza kuonekana kwa wingi wiki hizi. Wanakula majani yaliyooza na kuyafanya mbolea, na mchanga wako unaihitaji. Mfundishe mtoto kutofautisha: jongoo ni mviringo, mpole, akiguswa anajikunja, tandu ni bapa, mwepesi, na anauma vibaya. Konokono mkubwa naye ni mwenyeji wa pwani hii ya Afrika Mashariki, ametoka kwetu akaenea duniani, lakini miche michanga anaimaliza. Mwokoteni usiku kwa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na mnawe mikono kwa sabuni. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu ndiye mgeni pekee ambaye simwombei radhi. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu. Dawa yake ni kufunika taka. Pipa likiwa na kifuniko, anahamia kwingine.

Kabla mbayuwayu hawajaisha, mpeleke mtoto atazame waya za umeme. Waliobaki wamejipanga hapo, wenye mkia uliogawanyika na koo jekundu. Hawa huja kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na sasa wanaondoka. Kule Ulaya na Asia baridi inaisha, miti inachipua, nao wanarudi kujenga kwenye mapaa ya mabanda. Mmoja wao alivikwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, na pete hiyo ikaonekana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndipo watu walipopata uhakika wanakokwenda. Ana gramu 20 hivi. Mwekee mtoto vijiko vitano vya chai vya sukari mkononi ajue ni uzito gani unaovuka jangwa la Sahara.

Na wale viwavi wawili mliowaacha kwenye kila mndimu: baada ya majuma kadhaa mmoja atapotea kwenye majani. Msidhani ameliwa. Tafuteni kwenye kijiti au ukutani, mtamkuta amekuwa pupa, kijani au kahawia kufuatana na mahali alipojishikiza, amejifunga uzi mmoja kiunoni kama fundi wa nazi aliyejifunga kamba mnazini. Atakaa hivyo wiki mbili, pengine zaidi. Ganda likiwa jeusi na ukaanza kuona mabaka ya manjano kwa ndani, amkeni mapema siku inayofuata. Anatoka asubuhi, na mbawa zimekunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Zinachukua kama saa moja kunyooka na kukauka. Mtoto atataka kumsaidia. Mshike mkono, mkae hatua mbili nyuma, na hakikisha kuku wamefungiwa.